Mwamba Niliopimiwa

Dada yangu anaishi Majimbo, mjini Embu, kwenye nyumba yenye mfereji jikoni na mwingine bafuni. Tangu ajiunge na kikundi chake cha kina mama wa kujiendeleza, hunitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi. Sauti yenyewe si yake. Ni ya mwanamume fulani mwenye koo laini, anayeongea polepole kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, na kazi yake ni kuwaambia watu waweke malengo.

"Asubuhi ni mali yako," husema. "Amka kabla dunia haijaamka. Kunywa glasi moja ya maji. Keti kimya. Kisha jiulize, leo nafanya nini ili nilikaribie lengo langu?"

Mara ya kwanza kumsikiliza nilikuwa napanda kutoka mtoni. Mtungi ulikuwa mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, mtoto nimemfunga kifuani kwa leso, simu imo ndani ya sweta. Nilikuwa nimeiwasha ili nipate wa kuniongelesha njiani. Aliposema glasi moja ya maji, nilisimama katikati ya mlima.

"Maji gani, baba?" nikamwuliza kwa sauti. "Haya?"

Mtoto alidhani nasema naye, akacheka.

Mimi ni wa Embu. Nilizaliwa Majimbo, nikasomea hukohuko mpaka kidato cha nne, nikampata kijana wa Tigania aliyekuwa amekuja kufanya kazi ya ujenzi mtaani kwetu, na sasa niko kwao, si mbali na Muthara. Hapa jina langu ni Muembu. Hata mama mkwe huniita hivyo. Mtoto wangu amezaliwa hapa, baba yake ni wa hapa, lakini akilia kanisani utasikia, "Huyo ni mtoto wa Muembu."

Shamba la kina mume wangu limelala kwenye mteremko. Nyumba ya mama mkwe iko juu, karibu na barabara. Yetu iko chini, mahali kijana akioa hukatiwa pa kujenga. Kati ya nyumba hizo mbili kuna miti ya miraa ya marehemu baba mkwe. Ukipita nyumba yetu unateremka mlima mwingine ndipo ufike mtoni. Kwa hiyo kabla sijapika uji, kabla sijafua nepi, kabla sijafanya jambo lolote ambalo mtu mwingine angeliita kazi, asubuhi yangu ilikuwa imeshaisha njiani.

Na mama mkwe ana mfuo kwenye paji la uso.

Usifikirie kovu. Ni mfuo, bonde dogo linalopita kutoka sikio hili kuelekea lile, mahali kamba ya mtungi na kamba ya kuni zimekaa tangu alipokuwa msichana. Akifunga kitambaa kichwani, kitambaa kinaingia humo chenyewe. Wanawake wengi wa rika lake wanao. Hata nyanya yangu wa Embu alikuwa nao, ila nilipokuwa mdogo nilidhani wazee wote huwa hivyo, kama mvi.

Siku moja nilikuwa namwosha mtoto kwenye karai, wakati huo hajaanza hata kutambaa. Nikampangusa povu kwenye paji la uso. Paji lilikuwa limetokeza, laini, linateleza kama yai lililochemshwa. Kisha nikajigusa langu kwa mkono uleule uliolowa. Ngozi ilikuwa imeshakuwa ngumu.

Hapo ndipo lengo liliponijia. Sikuliandika mahali, sikuliweka tarehe, sikumwambia Mungu mbele ya kanisa. Nilisema tu, huyu hatabeba maji. Huku msichana huanza na kile kimtungi cha mafuta ya kupikia akiwa wa chekechea, watu wakimwona njiani wanampigia makofi, "Ona mama mdogo!" Mimi sitaki apigiwe makofi hayo. Nilitaka maji yawe mlangoni kwangu kabla hajafika umri wa kukabidhiwa mtungi.

*

Mradi wa maji ulitangazwa baada ya ibada, uwanjani nje ya kanisa. Maji yangeshuka yenyewe kutoka chemchemi ya msituni. Kulikuwa na paipu tayari, zimefika, zimerundikwa nyuma ya shule. Kilichobaki kilikuwa mtaro, na mtaro huku huchimbwa na watu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mwenye koti la mvua analolivaa hata jua likiwaka, aliinua fimbo ndefu iliyokatwa kutoka mti wa mukima.

"Hii ndiyo kipimo," akasema. "Urefu mmoja kwa wote, kina kimoja kwa wote. Kila boma itapimiwa kipande chake. Boma isiyochimba, paipu itapita hapo ikiimba, na wewe utaisikiliza tu."

Watu walicheka. Vipande vilipigiwa kura kutoka kofia ya mwenyekiti. Boma ya marehemu baba mkwe ilipoitwa, mama mkwe alinisukuma kwa kiwiko.

"Nenda. Wewe ndiye una mgongo."

Nikaenda na mtoto mgongoni, nikachota karatasi. Mwenyekiti aliisoma, akanitazama, akatazama mtoto, akakuna kidevu.

"Kipande cha chini ya shule," akasema. "Pole, mama."

Sikujua ananipa pole ya nini. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walijua, wakaguna.

Nilianza kesho yake. Juu ulikuwa udongo mwekundu, mlaini, jembe linazama lenyewe, na nikajiambia kumbe watu wa huku wanapenda kutisha wageni. Nilipofika kina cha kiwiko jembe lilisema ngaa! Mkono wote ukafa ganzi mpaka begani. Nikasogea kidogo nikapiga tena. Ngaa! Nikasogea tena. Kipande changu chote, kutoka kigingi hadi kigingi, kililala juu ya mwamba mmoja mweusi kama kifuniko cha sufuria.

Vipande vya jirani vilikuwa vya kina mama wa kikundi kimoja. Hao huchimba kwa zamu, leo wote kwako, kesho wote kwangu, wanaimba, wanataniana, na kufikia saa ya chakula wanamaliza na kubeba majembe yao kwenda. Mimi sikuwa kwenye kikundi. Niliwaendea. Nikawaomba, nitawachimbia, nanyi mnisaidie hapa.

"Kwani nyinyi watu wa Embu hamsomi?" mmoja akauliza. "Wewe si una fomu foo? Usomee huo mwamba. Labda utakusikia."

"Akiusomea Kiingereza utapasuka," mwingine akaongeza.

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Nami nilicheka, kwa sababu mtu asipocheka hapo ataonekana analia. Lakini nilirudi kwenye shimo langu nikapiga ule mwamba kwa hasira mpaka mpini wa jembe ukapasuka. Basi. Nikawa nimepoteza na jembe.

Mume wangu hufanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Meru, upande wa Kinoru, na huja nyumbani Jumamosi jioni. Jumamosi hiyo alikuja, akala, akaketi kwenye kigoda na miraa yake, akanitazama nikifunga mikono kwa vitambaa.

"Si ungengoja?" akasema. "Tutafuta vijana wachimbe."

"Lini?"

"Tutapanga."

"Tulipanga choo mwaka gani?"

Akatafuna miraa yake. Si mtu mbaya. Hubeba mabati na mifuko ya saruji wiki nzima, na akifika nyumbani hana la kutoa. Nalijua hilo. Lakini kulijua hakukunipunguzia hasira hata kidogo, na ninaandika hivyo kwa sababu wanawake wengi husema wanaelewa, na wakishaelewa wanaenda kuchimba.

Nilichimba. Kanisa liliniazima mtaimbo wake na nyundo kubwa. Asubuhi nateremka mtoni, narudi, napika, nafua, kisha nampanga mtoto kwenye kivuli cha ukuta wa shule juu ya gunia, namfunga kwa leso kwenye mti kama mbuzi ili asitambae akaangukia mtaroni, nakamata mtaimbo. Nikipiga sana napata kipande cha ukubwa wa ulimi. Watoto wa shule walikuwa wakitoka darasani wanakuja kusimama ukingoni kuhesabu mapigo yangu kwa Kiingereza, kama somo.

Siku moja sikuenda. Nilirudi kutoka mtoni, nikatua mtungi, nikaketi chini palepale penye vumbi. Nilitazama mikono yangu na sikujisikia kuinuka. Simu ikalia ndani ya sweta. Dada yangu. Yule baba mwenye koo laini.

"Lengo kubwa likikutisha," akasema, "livunje vipande vidogo vidogo."

Nilicheka mpaka nikashikwa na kikohozi. Tangu aanze kuniongelesha, hilo ndilo jambo la kwanza alilosema ambalo lilinihusu. Kisha nikampigia dada yangu simu.

"Mwambie huyo mtu wako anitumie baruti," nikasema.

"Haki wewe," dada akasema. "Mimi nakutakia mema, unanitukania mwalimu. Mbona una hasira hivi siku hizi?"

"Ninachimba mwamba."

"Wote tuna miamba yetu, dada. Ni mawazo tu."

"Huu si mawazo. Huu uko chini ya shule."

Akakata simu. Au mtandao ulikata. Sikuuliza.

*

Mama mkwe alikuja kwenye mtaro siku iliyofuata, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe. Alisimama ukingoni bila kutua mzigo. Alikuwa amepita hapo kila siku bila kuniambia neno zaidi ya salamu, na nilikuwa nimeshaapa nisimwombe kitu.

"Unapiga nini?" akauliza.

"Napiga mwamba, Mama."

"Naona mwamba ndio unakupiga." Akarekebisha kamba kwenye paji la uso kwa kidole. "Huo haupigwi. Huo unapikwa."

"Unapikwa?"

"Huko Embu hamna mawe? Weka moto juu yake. Moto mkali, wa siku nzima. Mwamba ukishiba moto, umwagie maji baridi, yote kwa mara moja. Utalia wenyewe."

"Na wewe ulijua siku hizi zote?"

"Hukuniuliza," akasema, akaondoka na majani yake.

Ningemrushia nyundo. Lakini jioni ile nilikusanya magunzi ya mahindi, matawi makavu ya mukima, visiki vya kahawa iliyong'olewa kwa jirani, chochote kinachoshika moto. Kesho yake nikawasha. Moshi ulifunika shule, mwalimu mkuu akaja amefunga pua kwa tai, akaona mwanamke na mtoto na moto ndani ya shimo, akarudi alikotoka. Niliulisha moto ule mchana kutwa kama mgonjwa.

Kisha nikakumbuka maji.

Maji baridi, yote kwa mara moja. Yatoke wapi? Mtoni. Kwa nani? Kwangu. Nilisimama pale nikalitafakari jambo hilo, na nataka mwenye kunisoma alitafakari pia, asilipite haraka. Ili nipate maji, ilibidi nibebe maji nikayamwage juu ya jiwe. Yasiwe ya kupika wala ya mtoto. Ya jiwe.

Niliteremka. Nikapanda. Nikateremka tena. Mtungi wa mwisho nilimwacha mtoto amelala kivulini, nikaupandisha huku nikitukana kwa Kiembu, maana Kiswahili hakina matusi ya kutosha na Kimeru ningeeleweka. Nilipofika nikakuta mama mkwe ameketi juu ya gunia langu, amempakata mtoto.

"Moshi utamharibu macho," akasema. "Wewe mwaga."

Nikamwaga. Mvuke ulipanda ukanificha mzima. Ndani ya mvuke nikasikia, ta! Kisha ta, ta, ta, kama mtu anayevunja kuni gotini. Mvuke ulipopungua, mwamba ulikuwa umechorwa mistari. Nikachomeka mtaimbo kwenye mstari mmoja nikaukalia kwa uzito wangu wote, na ganda likabanduka zima, kama ganda la nduma iliyoiva.

Mama mkwe hakupiga vigelegele. Alisema, "Kazi bado ni nyingi," na ilikuwa kweli.

Hivyo ndivyo nilivyochimba kipande changu. Napika, namwaga, nabandua, ninaanza tena. Mama mkwe alikuja siku nyingine na siku nyingine hakuja, na alipokuja alishika mtoto tu, jembe hakuligusa. Mtoto alijifunza kusimama akiwa ameshika ukingo wa ule mtaro. Vipande vya wengine vilikuwa vimemalizika zamani. Mwenyekiti akipita ananiambia, "Mama, paipu zinazeeka," nami namjibu, "Hata mimi."

Kisha mvua za masika zikaanza, kubwa, zisizokatika. Kuta za mitaro ya udongo ziliporomoka zote. Wale kina mama wa kikundi walirudi na majembe yao kuchimbua tope, hawaimbi, matope mpaka magotini. Changu kilisimama vilevile, kuta zake nyeusi zimenyooka, maji ya mvua yamekaa ndani kama kwenye birika. Nilitoka kusudi nikaketi ukingoni na mwavuli.

"Nimewasomea na nyinyi?" nikauliza.

Nilicheka mchana mzima. Sitaomba msamaha.

*

Paipu zililazwa, zikafukiwa, na mwenyekiti akaanza kuzunguka na vigingi kuonyesha kila boma mahali mfereji utakaposimama. Nilikuwa nimeshafagia sehemu yangu. Karibu na mlango wa jikoni, upande usio na upepo, nilipanga mawe bapa ya kukanyagia, vipande vya ule mwamba wenyewe. Nilikuwa nimewaza hata mahali pa kuanika nepi.

Nikasikia nyundo ikigonga. Juu.

Nilipanda mbio na mtoto kiunoni. Mwenyekiti alikuwa ameshakigonga kigingi hadi nusu, mbele ya mlango wa mama mkwe.

"Mzee, umekosea," nikasema. "Kwangu ni kule chini."

"Sijakosea, mama. Maji huingia kwa boma kupitia kwa mwenye boma."

"Nani alichimba?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani.

"Boma ilichimba," akasema.

"Boma ilichimba? Boma ina mikono? Hebu nionyeshe mikono ya boma!" Nilimwekea yangu mbele ya uso. "Boma ndiyo ilipika mwamba? Boma ndiyo ilibeba maji ya kumwagia jiwe, na mtoto kifuani?"

"Usinipigie kelele, msichana. Kura ulipiga kwa jina la nani?"

La marehemu baba mkwe. Nilikuwa nimeitikia jina lake mbele ya kanisa zima, na hapo ndipo nilipokosea, maana kule kwetu Majimbo mtu akifanya kazi kazi inakuwa yake, na sikujua kwamba huku jina unaloitikia ndilo linalochimba. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa mimi. Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya leso. Nilingoja aseme. Angesema neno moja tu, mzee yule angeng'oa kigingi.

Yeye alikuwa anakitazama kile kigingi.

Siku maji yalipofunguliwa mfereji ulikohoa kwanza, ukatema hewa, ukatema maji mekundu, kisha ukatulia ukatoa maji meupe kama kioo. Majirani walipiga vigelegele barabara nzima. Mama mkwe aliweka mikono chini yake. Hakunawa, hakunywa, aliiacha tu mikono pale, ameinamisha kichwa, na maji yanapita. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Nilikuwa nimekuja nikiwa na maneno mengi, nikayameza, nikajaza mtungi wangu, nikateremka. Kamba kwenye paji la uso kama kawaida.

Nililala nikaamka nikiwa na hasira ileile. Wiki nzima sikufungua ujumbe wa dada.

Asubuhi moja niko jikoni, nikamwona mama mkwe anateremka kwenye njia ya mtoni, kamba kichwani, mtungi mtupu mgongoni. Alipita nyumba yangu. Nikafikiri mfereji umekauka. Kabla sijamwita, akasimama ghafla katikati ya njia. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Kisha akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika.

"Muembu!" akaita. "Njoo uone mwenda wazimu. Miguu imenileta yenyewe."

Sikucheka. Nikaona hapo ndipo pa kusema.

"Mama, mimi nataka maji yafike kwangu."

Akaacha kucheka. "Kwani pale juu ni mbali?"

"Ndiyo. Ni mbali."

"Mbali? Unajua mimi nilibeba maji kutoka wapi? Nikiwa na mimba ya mume wako? Na wewe unapewa maji hapo karibu na jikoni yangu, unasema mbali?"

"Ninasema mbali. Kama mtu atafunga kamba kichwani, ni mbali." Nikamshika mtoto, aliyekuwa ameng'ang'ania sketi yangu, nikamgeuzia bibi yake uso. "Huyu sitaki afunge. Hata kutoka kwako mpaka hapa. Hata mtungi wa mafuta."

Mama mkwe alimtazama mtoto. Kisha, polepole, alivua kamba kichwani, akaishika mkononi, na kwa mkono mwingine akajipangusa jasho kwenye ule mfuo. Nilidhani atanitukana. Tena nilijiandaa.

"Ukichimba," akasema, "usikate mizizi ya miraa ya mzee. Hata mmoja. Zunguka."

Akapanda kwake.

*

Mtaro wa pili haukupimwa na mtu. Ulikuwa udongo mtupu, na kama ungepita moja kwa moja ungekuwa kazi ndogo. Lakini niliambiwa nizunguke, nikazunguka. Unatoka kwa mama mkwe, unakwepa mti huu, unarudi, unakwepa ule, kama njia ya mlevi. Mama mkwe alikuwa akisimama juu na mtoto mgongoni ananielekeza kwa kidevu. "Huko kuna mzizi. Si huko. Nimesema si huko, Muembu, huna macho?" Nilichimba kwa uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Sikuwa na furaha ya mtu anayemalizia. Nilikuwa na mgongo tu, na jembe jipya, na mtu wa kunifokea.

Jumamosi moja mume wangu aliteremka kutoka barabarani na paipu nyeusi iliyokunjwa, ameivaa begani kama gurudumu.

"Si nilisema nitaleta?" akasema.

"Hukusema."

"Basi nilifikiria."

Aliiunga mwenyewe siku ya Jumapili, akakosa ibada, na mama yake hakumsema. Mfereji ukasimama mlangoni pa jikoni, upande usio na upepo, juu ya mawe yangu meusi.

Kesho yake niliamka saa zilezile, kwa sababu mwili haujaambiwa. Mtoto amelala. Nikatoka nje, nikatafuta mtungi, nikakumbuka. Asubuhi yote ilikuwa imekaa pale haina kazi. Simu ikaleta ujumbe, nikaufungua kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Dada alikuwa amesikia habari kwa mume wangu. "Hongera sana! Umeona sasa? Haya, lengo lako linalofuata ni gani?"

Nilimwandikia: Kuketi.

Nikafungua mfereji, nikakinga kikombe, nikanywa. Yalikuwa baridi, yana ladha ya plastiki mpya. Kisha nikaweka mtungi chini yake ili nianze nepi, nikaketi kwenye jiwe nikayasikiliza yakiingia.

"Muembu!" Sauti ya mama mkwe kutoka juu, kupita miti ya miraa. "Muembu! Umefungua huko chini? Huku kwangu yamekuwa kamasi, yanadondoka tu! Funga!"

"Nimesikia, Mama!"

"Basi funga!"

Nikautazama mtungi. Ulikuwa umefika nusu. Niliungoja ujae mpaka shingoni, mpaka ukamwagika kidogo juu ya mawe. Ndipo nikafunga.